Historia ya Shangazi Yetu, Opereta Aliyekataa Kuzuia Simu za Watu

Viongozi wetu wa dini, ndugu, majirani, wastaafu wenzake wa ofisi ya simu na nyote mlioacha shughuli zenu mkaja kutusitiri, nimesimama hapa kwa niaba ya familia kuwasomea maisha ya mpendwa wetu, nami ni mtoto wa kaka yake, yeye kwangu ni shangazi, kwa hiyo mkinisikia nasema marehemu mahali pamoja na shangazi mahali pengine mniwie radhi, hilo neno la kwanza bado halijakaa vizuri kinywani mwangu. Historia hii aliipitia mwenyewe mwezi uliopita akiwa kitandani, alipofika pale nilipomwita mpole na mnyenyekevu akaniuliza huyo ni marehemu wa nyumba gani, akafuta, kisha akaniagiza nisome na yale ambayo wakubwa wa familia walitaka yabaki sebuleni, nami namwogopa hata sasa, kwa hiyo nitayasoma.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa pili kati ya watoto wanne wa baba seremala na mama mshonaji, katika nyumba ya vyumba viwili iliyokuwa nyuma ya stoo ya mbao, ambako watoto walilala wakinusa maranda na kuamshwa na msumeno. Wazee waliomlea walisema alianza ubishi kabla ya meno kumaliza kuota, na kisa walichokipenda zaidi ni cha siku ya ngurumo, bibi yake alipofunika kioo cha ukutani kwa shuka kama ilivyokuwa kawaida ya nyumba nyingi, yeye akiwa na miaka sita akakifunua ili aone radi itafanya nini, radi haikufanya kitu ila bibi alifanya, na shavu lilivimba hadi kesho yake. Alipenda kusema kwamba siku ile alijifunza mambo mawili ya kisayansi, kwamba kioo hakiiti radi, na kwamba anayelithibitisha jambo hilo ajiandae kwa kofi.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1958 hadi 1965, kisha sekondari ya wasichana kuanzia 1966 hadi 1969, na huko alilipenda somo la fizikia kuliko yote, ingawa mwalimu aliyekuwepo aliwashauri wasichana wasijichoshe nalo kwa kuwa jiko halina mtihani wa umeme, shauri ambalo shangazi alilijibu kwa kufaulu vizuri, halafu akampelekea mwalimu huyo matokeo na salamu. Baba yake alitamani awe muuguzi, lakini mwezi Januari 1970 liliwekwa tangazo la nafasi za opereta katika ofisi ya simu, akaomba bila kumwambia mtu, akapata, na baada ya mafunzo ya miezi sita alikalia kiti chake cha kwanza tarehe 3 Agosti mwaka huo.

Kwa ninyi vijana mliozaliwa simu ikiwa mfukoni, naomba niwaeleze kidogo, maana bila hilo hamtamwelewa. Zamani hukumpigia mtu, ulimpigia opereta, naye alikaa ghorofani mbele ya ubao mrefu wenye matundu mengi, kisikilizio kichwani, taa ndogo ikawaka, akakuuliza unamtaka nani, akachomeka waya kwenye tundu la unayemtaka, ndipo mkaongea. Maopereta walikuwa kumi na mmoja, wote wanawake, chumba kilikuwa na feni moja iliyowapepea wawili tu wa mwisho, na kulikuwa na kiswichi ambacho opereta alitakiwa akifunge akishawaunganisha watu, asisikie wanachozungumza. Nasema alitakiwa, wastaafu mliopo mnacheka kwa sababu mnajua, mji mzima mliubeba masikioni, nani anamdai nani, nani amemkimbia nani, na shangazi pekee ndiye aliyefunga kiswichi chake kila mara, akachomeka, akasema subiri, akafunga, ndiyo maana wenzake wakambandika jina la Subiri, jina ambalo baadhi yenu mlidhani ndilo alilopewa na wazazi.

Tarehe 22 Novemba 1975 alifunga ndoa na dereva wa gari la barua, mzee wetu huyu aliyekaa hapa mbele, ambaye husema kwamba alimpenda sauti miezi minane kabla ya kumwona sura, na kwamba alipoiona sura hakudai kurudishiwa chochote. Mungu aliwajalia watoto wawili, binti aliyezaliwa mwaka 1976, ambaye ni mwalimu wa chekechea na ndiye aliyemuuguza mama yake hadi mwisho, na kijana wao aliyezaliwa mwaka 1982, ambaye ni fundi wa injini za meli na anafanya kazi ng'ambo. Mwaka 1978 shangazi alimwozesha kaka yake, yaani marehemu baba yangu, kwa opereta aliyekaa kiti cha jirani yake, na huyo ndiye mama yangu mzazi, yuko hapa, kwa hiyo mawifi hao wawili walikuwa wanashinda pamoja kazini, wanakula pamoja mchana na kusutana pamoja jioni, na watu walisema ukimtafuta mmoja muulize mwenzake.

Sasa nafika penye mwiba. Maopereta wale walikuwa na utaratibu wao ambao haukuandikwa popote, wakiuita kuzuia, maana yake simu ya msiba au ya habari nzito ikiingia, opereta aliyesikia alimwambia mpigaji kwamba laini ni mbovu, ajaribu baadaye, kisha akatafuta jirani au ndugu wa kwenda kukaa na mhusika ili habari isimkute peke yake, na mara nyingi habari ilizuiwa hadi mtu atoke kazini. Walifanya hivyo kwa huruma, hakuna aliyekuwa na nia mbaya, na wapo watu walioshukuru sana. Lakini mwezi Juni 1984 iliingia asubuhi simu ya kumtafuta muuguzi mmoja wa hospitali, kaka yake akitaka kumtaarifu kwamba mama yao amezidiwa na anamwita, mama yangu ndiye aliyeipokea, akaona msichana wa watu yuko zamu, atachanganyikiwa, bora amalize, akaizuia, muuguzi alipopewa habari jioni alisafiri, akafika mama amekwisha kufa alasiri, amekufa akiuliza mbona hafiki. Wiki iliyofuata muuguzi huyo alipanda ngazi za ofisi ya simu, akasimama mlangoni, hakutukana mtu, aliuliza tu ni nani aliyewapa ruhusa, akashuka.

Shangazi alisema wazi tangu siku hiyo kwamba habari ya mtu ni mali yake, iwe tamu iwe chungu, na anayeikalia kwa huruma na anayeikalia kwa uchawi wote wameikalia. Mwaka 1987 ulipotangazwa mtambo mpya wa kujiunganisha wenyewe, usiohitaji opereta katikati, mji ulipinga, na hoja zilikuwa nyingi, wapo waliosema mtambo hautajua kumwamsha daktari, wapo akina baba waliosema wahuni watawapigia mabinti zao bila mtu mzima kusikia, na maopereta walisema, nao kwa haki, kwamba watoto wao watakula nini. Tarehe 9 Septemba mwaka huo, kwenye mkutano wa wafanyakazi, wote walitarajia Subiri asimame awatetee, naye alisimama akasema kwamba mtambo uje, kwamba binti aliye mtu mzima anayo haki ya kuongea na amtakaye, kwamba binadamu hapaswi kupitia sikioni mwa binadamu mwingine ili amfikie mama yake, na alipotaja neno mama, wote waligeuka wakamtazama mama yangu.

Mtambo ulikuja, maopereta wanane walipunguzwa kazi mwezi Machi 1988, mama yangu akiwamo, na shangazi akabakizwa kuwafundisha wengine, kwa hiyo watu walisema amenunuliwa, jambo ambalo halikuwa kweli lakini lilifanana na kweli, na hilo ndilo linalouma zaidi. Mama yangu alimpa kisogo. Mimi nimekulia katika nyumba ambayo jina la shangazi lilikuwa halitajwi mezani, baba akitaka kwenda kumsalimia dada yake aliaga kwamba anakwenda kunyoa, na alinyoa sana marehemu baba, hadi watu walimshangaa. Shangazi alikuja mlangoni kwetu mara kadhaa, mara ya mwisho akiwa amemtafutia mama kazi ya mapokezi, mama akamjibu kupitia dirishani kwamba akamtafutie mtambo wake, na mwaka 2009 tulipomzika baba walipeana mikono kama watu wasiojuana, basi.

Shangazi alifanya kazi hadi alipostaafu tarehe 30 Juni 2006, na maoni yake hayakustaafu. Alipopata kiinua mgongo alinunua mashine ya kufulia, majirani wakasema mke anayefuliwa na mashine ni mvivu, akamtuma mume wake azianike nguo nje mchana kweupe, na mzee akazianika huku akipiga mluzi, mkazoea, leo wengi wenu mnazo. Lakini msifikiri alikuwa anaabudu kila kinachowaka taa. Kuhusu simu hizi za leo zinazojua ulipokwenda na ulichonunua, alisema tulimtoa opereta mwenye haya, tukamweka asiye na haya, na yule wa kwanza angalau ukimkuta sokoni aliona aibu kukutazama. Na jambo moja alilijutia hadharani, alisema alikuwa sahihi kuhusu mtambo lakini alisema kama mtu ambaye mshahara wake hauguswi, na kwamba anayeshangilia jambo jipya anatakiwa kwanza aulize nani analipa gharama yake, kisha asaidie kulipa. Alisema watu hawaogopi mabadiliko kwa ujinga, kama wasomi wanavyodhani, wanaogopa kwa sababu wanakumbuka mara ya mwisho walipoambiwa mambo yatakuwa mazuri.

Mwezi Februari 2023 alianza kusikia maumivu ya tumbo yanayopenya hadi mgongoni, akakosa hamu ya chakula na kupungua, na tarehe 3 Machi majibu ya vipimo yalitoka, ilikuwa ni saratani ya kongosho, imekwisha kusambaa, nami nautaja ugonjwa huo kwa jina lake kwa sababu aliagiza hivyo, alisema hataki aagwe kwa maneno ya aliugua kwa muda, kana kwamba alikufa kwa aibu. Majibu hayo hakupewa yeye. Mume wake aliyapokea kwenye korido, akaomba mgonjwa asiambiwe, wakubwa wa familia wakakaa sebuleni jioni ile wakakubaliana kwamba akijua atakufa kwa mawazo kabla ya ugonjwa, na mimi nilikuwepo, nikatikisa kichwa kukubali pamoja na wengine, tukamwambia ni vidonda vya tumbo.

Waombolezaji, huyu ni mtu aliyeamini sayansi, akiambiwa na daktari asimame kwa mguu mmoja atasimama, kwa hiyo alivitibu vidonda vile kwa utiifu wote. Aliacha pilipili, akaacha malimau, akaacha chai ya rangi, chai ile nzito aliyoinywa asubuhi na alasiri tangu alipokuwa opereta, akawa anakunywa maji ya uvuguvugu huku anakunja uso, na sisi tulikuwa tunamtazama, tunajua chai haina kosa lolote, tunampongeza. Mwanawe wa melini alipiga simu mwezi Aprili, meli yao ilikuwa imeingizwa bandarini kwa matengenezo ya wiki saba, hana kazi, akauliza aje kumwona mama, tukamjibu asiharibu nauli, mama anaendelea vizuri, ni tumbo tu, aje likizo yake ya Desemba. Zile wiki saba kaka yangu huyo alizimaliza katika chumba cha kupanga akiangalia mpira.

Ilipofika Julai shangazi alikuwa hawezi tena kukaa muda mrefu, akaanza kutuuliza mmoja mmoja, alisema sayansi haiwezi kuwa na ujinga wa kiasi hiki, ama dawa si yenyewe ama ugonjwa si wenyewe, na kila aliyeulizwa alikumbuka ghafla kwamba ameacha kitu jikoni. Mimi nilikwenda nyumbani nikamweleza mama yangu yote, nikitaka anihurumie kwa mzigo ninaoubeba, naye hakunihurumia, aliosha vyombo vilivyokuwa safi, na kesho yake, tarehe 16 Julai, alivaa gauni lake la kutokea, akachukua mkoba, akaenda katika nyumba ambayo hakuwa amekanyaga kwa miaka thelathini na mitano.

Mzee wetu alimzuia mlangoni, akamwambia kwa machozi shemeji tafadhali usiniulie mke wangu, naye akamjibu shemeji yangu, mke wako anakufa hata nikirudi nyumbani, akampita. Aliingia chumbani, akakaa ukingoni mwa kitanda, na maneno aliyoyasema nayasoma kama binti wa marehemu alivyoyasikia, alisema wifi, sijaja kukusamehe, nimekuja kukupa habari yako, wameizuia watu wanaokupenda kama nilivyowahi kuzuia mimi, una saratani, haiponi, wamejua tangu Machi. Shangazi aliomba chai. Aliomba iwe nzito, yenye sukari, akaletewa, akaipeleka mdomoni, akalia huku anakunywa, na alipobembelezwa asiogope alisema hakililii kifo, kifo alikijua tangu alipozaliwa, anaililia miezi minne.

Kwa siku kadhaa hakuzungumza na mume wake, halafu akamwita, wakafunga mlango, waliyoyasema ni yao, na jioni tulimkuta mzee anamchana nywele. Baada ya hapo alipanga mambo yake kwa haraka ya mtu aliyecheleweshwa, alikutana na daktari ana kwa ana akauliza maswali yake yote, akachagua kuuguzwa nyumbani kwa dawa za maumivu tu, akamfundisha binti yake siri za ile mashine ya kufulia, na alasiri nyingi alikuwa na wifi yake, chai katikati yao, wakibishana. Waliobahatika kupita dirishani waliwasikia, mama yangu anasema mtambo ule ulikuwa wizi, shangazi anasema ulikuwa haki, mama anasema haki isiyojaza sufuria, shangazi anasema hapo umenipata, na mpaka mwisho hawakukubaliana, lakini hakuna aliyeondoka.

Simu ya kumwita mwanawe aliipiga mwenyewe, usiku ule ule wa tarehe 16 Julai, akamwambia mwanangu nakufa, njoo. Ila sasa meli ilikuwa katikati ya bahari, safari ndefu, na baharini hakuna pa kushukia. Waliongea mtandao ulipokubali, dakika chache chache, sauti ya mama ikififia wiki hadi wiki, na tarehe 30 Agosti aliacha kabisa kusema. Kijana alifika tarehe 2 Septemba, moja kwa moja kutoka uwanja wa ndege na mabegi yake, mama alimtambua, alimshika mkono na hakuuachia usiku wala mchana, lakini maneno aliyokuwa amemwekea hakuweza kuyatoa. Marehemu alifariki tarehe 9 Septemba 2023, saa kumi na moja alfajiri, nyumbani kwake, akiwa na umri wa miaka sabini na miwili, ameacha mume, watoto wawili na wajukuu watano.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, na hasa muuguzi aliyekuja nyumbani kumchoma sindano za maumivu bila kuchoka, inawashukuru majirani kwa maji, viti na turubai, wastaafu wa ofisi ya simu ambao wengine hamkuwa mnasalimiana naye na bado mmekuja, na inamshukuru mama yangu, ambaye amenikataza nisimsifu, kwa hiyo naishia hapo. Shangazi alisema nisiwahutubie, lakini kama nyumbani kwako yupo mtu anayemeza dawa za ugonjwa asiokuwa nao, hapa tutaelewa ukituaga mapema.

Na kwako kaka yangu, mtoto wa shangazi yangu, hapa mbele ya watu wote waliotuzunguka, familia imenituma nikwambie kwamba tulikuwa na wiki saba zako, ukatuomba, tukakunyima, tulidhani tunakuhurumia, na maji yakishamwagika hayazoleki, hatujui mama yako alitaka kukwambia nini, hakuna kati yetu anayejua, hakutuachia sisi kwa sababu hayakuwa yetu.

Shangazi, tulichelewa kukuambia. Tusamehe, na upumzike kwa amani.